Nenda na Kuni Mkononi: Namna ya Kujifunza kwa Mwalimu wa Adwaita

Upanishadi, maandiko ya kale ya India, zinasema mtu anayetaka kuujua ukweli wa mwisho aende kwa mwalimu akiwa ameshika kuni mkononi. Zilikuwa kuni za moto wa ibada uliotunzwa kila siku nyumbani kwa mwalimu. Mwanafunzi aliyefika nazo alikuwa amekwisha kusema, kabla hajafungua mdomo, kwamba yuko tayari kwa kazi. Nimeanza na kuni hizo kwa sababu watu wanaoniuliza kuhusu adwaita karibu wote huanza na neno moja: mwalimu nimpate wapi? Nami huwauliza, ukimpata leo jioni, utamwendea na nini?

Adwaita ni neno la Kisanskriti. "Dwaita" ni uwili, na ile "a" ya mbele inakanusha. Fundisho lenyewe, ambalo Shankara, mwanafalsafa wa India, alilipanga vizuri mnamo karne ya 8, linasema kwamba kile kinachojua ndani yako, kinachosema "mimi" kabla hujataja jina wala kabila, si kitu mbali na uhalisi ulio msingi wa vyote. Kuisoma sentensi hiyo ni kazi ya nusu dakika. Kuiona kuwa ni kweli kwako ni kazi nyingine kabisa, maana anayetafuta ndiye anayetafutwa, na jicho halijioni bila kioo. Mwalimu ni hicho kioo. Yafuatayo ni mambo niliyojifunza kuhusu kumtafuta, kumpima na kukaa mbele yake.

Hatua ya kwanza: andika swali lako

Nunua daftari la kawaida la dukani. Ukurasa wa kwanza andika swali moja, lile ambalo ungelihitaji jibu lake hata kama hakuna mtu anayekusikia ukiuliza.

Mnamo 1902 mtumishi mmoja wa serikali, Sivaprakasam Pillai, alipanda mlima Arunachala pale Tiruvannamalai, kusini mwa India, akamkuta kijana wa miaka 22 anaishi pangoni. Kijana huyo ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Ramana Maharshi. Siku hizo alikuwa hasemi. Pillai alimwuliza: mimi ni nani? Majibu aliyapata kwa maandishi, mengine yakiandikwa mchangani. Swali lilikuwa la maneno matatu, na yale majibu ya mchangani yakawa msingi wa yote ambayo Ramana aliwafundisha watu kwa karibu miaka 50 iliyofuata, hadi alipofariki mwaka 1950.

Swali langu mimi la kwanza lilikuwa na mistari kumi na moja, limejaa Kisanskriti nilichookota mtandaoni. Mwalimu alilisoma taratibu, akaniuliza, "Na hili linakuuma wapi?" Sikuwa na jibu. Siku mbili baadaye niliandika upya: "Baba amekufa. Yule aliyekuwa akisema 'mimi' ndani yake yuko wapi?" Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza. Kwa hiyo usiharakishe hatua hii. Ikichukua mwezi, iache ichukue mwezi.

Hatua ya pili: onja chumvi mwenyewe

Kabla hujamsikiliza mwalimu yeyote, fanya jaribio ambalo Uddalaka, mwenye hekima wa kale, alimfanyisha mwanawe Shvetaketu. Habari yao imo katika Chandogya Upanishadi, sura ya sita. Kijana alipelekwa kusoma akiwa na miaka 12, akarudi ana miaka 24, amehitimu maandiko yote na kichwa kimemvimba. Baba yake hakumhubiria. Alimwambia atie chumvi katika maji, aje asubuhi.

Fanya hivyo hivyo. Usiku tia kijiko cha chumvi ya mawe ndani ya glasi ya maji, uiache juu ya meza ya jikoni. Asubuhi iinue glasi kwenye mwanga wa dirisha uitafute chumvi. Haipo. Maji ni meupe, hayana hata kivuli. Sasa onja ya juu. Mwaga kidogo, onja ya katikati. Mwaga tena, onja ya chini kabisa. Kila mahali ulimi unapata chumvi ambayo jicho limeshindwa kuipata. Uddalaka alimwambia mwanawe kwamba ndivyo ilivyo: kile kilichopo huoni kwamba kipo, na hakika kipo hapa hapa. Halafu akaongeza yale maneno mashuhuri: wewe ndiwe hicho.

Jaribio hili litakusaidia kuwapima walimu wote utakaokutana nao. Mwalimu wa kweli anakupa kitu cha kuonja, hakuombi uamini tu. Tena, Uddalaka alilisema neno lile mara tisa, kila mara kwa mfano mwingine: nyuki na asali, mito na bahari, mbegu ya mti mkubwa iliyopasuliwa ikaonekana haina kitu ndani. Alirudia kwa nini? Kwa sababu mwanawe alikuwa akimwambia, "Nifundishe zaidi." Hakuna mahali baba alipochoka wala kumkemea kwa kutoelewa.

Hatua ya tatu: mpime mwalimu, tena bila haya

Mundaka Upanishadi inataja sifa mbili tu za mwalimu: awe anayajua maandiko, na awe amesimama ndani ya kile anachokifundisha. Zote mbili. Mwenye ya kwanza bila ya pili atakupa mhadhara. Mwenye ya pili bila ya kwanza huenda ameona kweli, lakini hana lugha ya kukuvusha wala hajui shimo lililowameza waliopita kabla yako.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Mtu akijiita sheikh wa twarika huulizwa ijaza yake, yaani idhini ya kufundisha, ameipata kwa nani, na silsila yake, mnyororo wa walimu wake, inapanda hadi wapi. Muulize mwalimu wa adwaita vivyo hivyo: ulifundishwa na nani, kwa muda gani, na ni nani aliyewahi kukukosoa? Wapo waliofika bila mwalimu wa mwili, Ramana akiwa mmojawapo. Katika Julai 1896, akiwa kijana wa miaka 16 mjini Madurai, alishikwa na hofu ya kifo, akajilaza chini kama maiti na kuchunguza ni nani hasa anayekufa. Lakini mtu anayedai kuwa kama Ramana, mtazame kwa miaka mingi kabla hujamkubalia.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mwalimu, ndani ni jikoni na kwenye fedha. Pale ashramani kwake, yaani kwenye makao ya mwalimu na wanafunzi wake, Ramana alikuwa akiingia jikoni kabla ya jua kuchomoza akatakate mboga pamoja na wapishi, na alikataa kupewa chakula kilicho bora au kingi kuliko cha wengine. Ukumbi alimokaa ulikuwa wazi kwa watu wa kila namna. Hayo nayapa uzito mkubwa kuliko habari za miujiza.

Mimi niliwahi kukaa miaka miwili na mwalimu ambaye jina lake nitaliacha. Alisema vizuri mno. Kisha tukaanza kuambiwa kuna daraja ya juu, ambayo mafundisho yake hayatolewi hadharani, na ada yake ilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba yangu ya miezi mitatu. Niliposema sina, niliambiwa kwamba "kukosa" ni wazo tu la nafsi. Dada mmoja aliuliza kwa nini mwalimu hukutana na wanawake vijana faragha; wiki iliyofuata hakualikwa tena. Niliondoka kwa uchungu, maana nilimpenda yule mtu, na nusu ya aliyonifundisha ilikuwa kweli.

Basi haya hayana mjadala. Mwalimu akidai mwili wako, ondoka siku hiyo hiyo. Akikutaka uwakate wazazi, mke, mume au rafiki zako kwa ajili yake, ondoka. Akikuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, ondoka. Fedha ni suala la kupima: mtu anahitaji kula, na mchango wa hiari hauna ubaya, lakini ukweli unaouzwa kwa madaraja umekwisha kugeuzwa bidhaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hatua ya nne: kaa na fundisho moja

Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, inaeleza kwa mstari mmoja namna ya kujifunza: kwa unyenyekevu, kwa kuuliza sana, na kwa kutumika. Wengi hushika la kwanza wakaliacha la pili. Unyenyekevu ni kuinama, kweli, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini aliyeinama anatafuta kitu, hajalala pale chini.

Nisargadatta Maharaj, mwalimu mwingine wa adwaita, alikuwa mwuza bidi, sigara ndogo za majani, mjini Mumbai. Mwaka 1933 alikutana na mwalimu wake, Siddharameshwar Maharaj, ambaye alifariki mwaka 1936. Hawakupata hata miaka minne pamoja. Agizo alilopewa lilikuwa fupi: wewe si unachojidhania, shika ile hisia ya "niko" na usiiachie. Alilishika akiwa na duka la kuendesha na watoto wa kulea. Baadaye, hadi alipofariki mwaka 1981, watu kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakipanda ngazi za nyumba yake ndogo, wakimsikiliza akisema Kimarathi na wakalimani wakiwatafsiria.

Siku hizi tuna shida iliyo kinyume. Simu inakuletea walimu kumi kabla ya chai ya asubuhi. Huyu anasema fanya mazoezi, yule anasema hakuna wa kufanya mazoezi, na wewe unabaki umeshiba maneno na una njaa. Ushauri wangu: chagua mwalimu mmoja kwa miezi sita. Kama ni kwa rekodi za sauti, sikiliza moja tu kwa juma, mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza bila kuandika. Mara ya pili andika sentensi moja iliyokugusa au kukuudhi. Mara ya tatu simamisha sauti pale pale, ukae na sentensi hiyo robo saa.

Mapokeo yana majina ya kazi hii: kusikia, kutafakari, kisha kuzama. Yajnavalkya, mwenye hekima wa Upanishadi, alimwambia mkewe Maitreyi maneno hayo karne nyingi zilizopita, na mpangilio wake una maana. Kutafakari kunakuja katikati kwa sababu huko ndiko shaka zinakotolewa nje. Anayeruka kutoka kusikia hadi kuzama huzama na shaka zake zote.

Kuhusu safari, fupi tu. Ukiweza kwenda Tiruvannamalai, nenda. Iko mwendo wa saa kadhaa kwa basi kutoka Chennai. Ashrama ya Ramana hupokea wageni kwa siku chache wakiomba mapema. Njia ya kuuzunguka mlima kwa miguu ni karibu kilomita 14. Anza kabla ya alfajiri, lami huchoma. Usipoweza kwenda, hujapungukiwa na chochote cha lazima.

Hatua ya tano: ulizia maneno, hasa ukiwa Mswahili

Hapa nitakaa kidogo, maana sijaona watu wakilisema.

Mafundisho haya yanatufikia kwa Kiingereza, nasi tunayageuza kichwani kwa Kiswahili bila kujua tumegeuza nini. Chukua neno "atman", yaani kile kinachojua ndani yako. Wengi hulitia "nafsi". Lakini nafsi kwetu imetoka katika Kiarabu na imekuja na historia yake: kwa masheikh wetu, nafsi ni ile inayoamrisha maovu, ya kupigwa vita na kufugwa. Mwalimu akisema "atman ni Brahman", Brahman ikiwa ule uhalisi ulio msingi wa vyote, na wewe ukasikia kwamba nafsi yako yenye tamaa ndiyo Mungu, umesikia kufuru, tena umesikia kitu ambacho yeye hakukisema. "Roho" nayo ina mzigo wake. Mimi nimeamua kusema "anayejua", basi. Mwombe mwalimu wako akueleze kila neno kubwa kwa mfano wa nyumbani, na kama hawezi, neno hilo liweke kando kwa sasa.

Upande mwingine, Kiswahili kinatupa zawadi. Hatusemi "mimi ni njaa". Tunasema nina njaa: mimi, pamoja na njaa. Nina hofu. Nina hasira. Lugha yenyewe imekwisha kumtenga aliyepo na kile kilichomjia, na huko kutenganisha ndiko kazi ya mwanzo ambayo Shankara anaidai kwa mwanafunzi, kupambanua anayeona na kinachoonwa. Jaribu leo. Hasira ikija, iseme polepole, "ni-na hasira," kisha uulize: huyu "ni" aliyesimama hapo mwanzo ni nani? Ramana alifundisha hivyo hivyo: wazo likizuka, uliza limemzukia nani. Jibu ni "mimi". Basi mimi ni nani? Usijibu kwa maneno. Tazama tu upande ule.

Angalia lakini, "nina" bado ni wawili: mimi na hofu. Nilibaki hapo mwaka mzima, nikijiona shahidi aliye mbali na kila kitu, baridi hata kwa watoto wangu, nikidhani nimefika. Mwalimu wangu ndiye aliyeniambia kwamba kumtenga shahidi ni ngazi, na ngazi ina kazi ya kupandishia. Chumvi haikai juu ya maji kama mafuta. Imo yote, kila mahali. Bila yeye ningeendelea kujenga nyumba kwenye ngazi.

Hatua ya sita: usiitumie adwaita kama kisingizio

Utakutana na watu wanaosema hakuna mtendaji, hakuna mwingine, basi hakuna kosa. Mafundisho yenyewe hayasemi hivyo. Yanatofautisha ukweli wa mwisho na ukweli wa shughuli za kila siku, na katika huo wa pili deni hulipwa na maumivu ya mwenzako ni maumivu. Ramana, katika beti alizozikusanya, aliweka moja inayosema adwaita ishikwe moyoni, isipelekwe katika matendo. Mwalimu anayeumiza watu kisha akajitetea kwa "hakuna mtu hapa" amekwenda kinyume na vitabu vyake mwenyewe.

Ukiwa unaanza kujiona huna mwili, au dunia inaonekana si halisi kwa namna inayokutisha na kukunyima usingizi, acha mazoezi na umwone daktari. Mwalimu mwenye busara atakuwa wa kwanza kukupeleka.

Na kama una dini yako, huna haja ya kuificha. Waislamu wana mjadala mrefu juu ya umoja wa kuwepo, unaohusishwa na mwanazuoni Ibn Arabi aliyefariki Damascus mwaka 1240, na wapo maulamaa wakubwa walioupinga. Wakristo wana Meister Eckhart, mtawa Mjerumani, ambaye baadhi ya kauli zake zilihukumiwa na Papa mwaka 1329. Hizo si adwaita kwa jina lingine. Kila moja ina mipaka yake na watu wake wa kuifafanua. Ukiwa na sheikh au padre unayemwamini, anza kwake.

Hatua ya saba: rudi

Chandogya, sura ya nane. Prajapati, bwana wa viumbe, alitangaza kwamba kuna anayejua wa kweli, asiyezeeka wala kufa. Indra alitoka upande wa miungu, Virochana upande wa asura, maadui wa miungu, wakafika kwake na kuni mkononi. Walikaa miaka 32. Ndipo Prajapati akawaambia wajitazame ndani ya chombo cha maji, wajipambe, wajitazame tena. "Huyo ndiye," akasema. Wote wawili waliondoka wamefurahi. Virochana alifika kwao akafundisha kwamba mwili ndio mtu mwenyewe, na habari yake ikaishia hapo.

Indra hakufika nyumbani. Njiani aliwaza: mwili huu ukipofuka, basi na huyo anayejua amepofuka, mwili ukifa, naye amekufa, sioni faida hapa. Akageuka, kuni mkononi. Prajapati alimwambia, "Ndivyo ilivyo kweli, kaa miaka 32 mingine." Akafundishwa juu ya yule anayetembea katika ndoto. Akaondoka, akaona njiani kwamba hata ndotoni mtu hulia. Akarudi. Miaka 32 tena: usingizi mzito usio na ndoto. Akaondoka, akaona kwamba humo mtu hajijui hata kuwa yupo. Akarudi. Mara hii aliambiwa mitano tu. Jumla miaka 101.

Tazama kwamba mwalimu hakumwambia kamwe, "Kwa nini hukuelewa?" Kila shaka aliyorudi nayo ilipokewa kwa "ndivyo ilivyo". Virochana na Indra walipewa jibu lile lile, na mmoja wao aliliangalia njiani akaona halimtoshi.

Kwa hiyo baada ya kila kikao, usizungumze na mtu kwa nusu saa. Tembea kwa miguu ukiweza. Jiulize ni wapi jibu ulilopewa lingevunjika: kitandani ukiwa mgonjwa, mazishini, ukiwa umedhulumiwa na ndugu. Andika mahali hapo kwa sentensi moja, chini yake tarehe. Mkikutana tena, anza na sentensi hiyo kabla hujasema lolote la shukrani, kisha utazame uso wake. Akikasirika, umejua. Akisema "ndivyo," vuta mkeka ukae.

Miezi sita ikiisha, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Lisome lile swali kwa sauti, mbele yake. Kama bado linauma pale pale, mwambie. Kama limesogea, mwonyeshe limesogea kutoka wapi hadi wapi. Langu la baba bado naenda nalo.